Michezo ya Kizungu Siku ya Emile

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Leo nimeona jambo! Nilitumwa kupeleka sanduku la limonadi nyumbani kwa Bwana, mkubwa wa ofisi yetu ya pamba. Mtoto wake anatimiza miaka saba. Kumbe siku hiyo Wazungu hawali tu. Wanacheza! Nilisimama verandani na sanduku kichwani. Sikulitua, maana ningelitua ningeambiwa niende zangu.

Watoto waliruka ndani ya magunia mazima, magunia mazuri ya kutilia pamba. Kisha wakazunguka viti, gramofoni inaimba. Gramofoni ikinyamaza wanagombania kukaa, na kila mara kiti kimoja kinaondolewa. Nyumba imejaa viti, na bado wanaviondoa! Mwisho Bwana mwenyewe, mtu mzima na tumbo lake, akafungwa kitambaa machoni, akazungushwa, akaanza kupapasa hewa mpaka akamkamata Madame wake. Akampapasa uso, akambana pua, akataja jina. Makofi! Shingo yangu ilikuwa imekufa ganzi, lakini akili yangu ilikuwa macho.

Hii ndiyo njia ya kupata kadi. Tangu mwaka jana naitafuta kadi ya mastahili, ile ambayo serikali inampa mtu mweusi ikishamwona amestaarabika. Tume inakuja mpaka nyumbani kwako. Inatazama uma, inatazama choo, inatazama mapazia, inauliza kama mke anakula mezani. Mwezi huu tume inapita Kasongo kabla ya kwenda Kabambare, na Bwana wangu yumo ndani yake. Uma ninazo. Mapazia ninayo. Taabu ni kwamba Gaston naye anayo. Gaston ni muuguzi wa dispansari, jirani yangu wa ua kwa ua, na kila kitu nikinunua, wiki inayofuata anakinunua kikubwa zaidi. Lakini sikukuu ya mtoto yenye michezo ya Kizungu, hiyo hana. Mtoto wake bado ananyonya.

Mwanangu Emile atatimiza miaka sita Jumamosi ya tarehe 14. Nimeamua hivyo leo.

Jumanne, 3 Agosti

Marcelline, mke wangu, anapinga. Anasema Emile alizaliwa wakati wa mvua, mwezi wa kumi na moja, paa linavuja na mkunga ameshika beseni juu ya kichwa chake. Nimemweleza kwamba wakati wa mvua tume itakuwa imekwisha kupita. Akasema: “Baba Emile, mutoto hazaliwi kwa kungojea Wazungu.” Nikamwambia mtoto ni wangu, na siku yake naweza kuiweka ninapotaka. Akajibu kwamba tumbo lilikuwa lake. Nikatoka nje kutazama ua, kwa busara.

Emile mwenyewe amekubali mara moja. Ameuliza kama mwezi wa kumi na moja atapata sikukuu nyingine. Akili hii ameitoa kwangu. Nimemuuliza anataka nini siku yake. Anataka tucheze mpira wa majani ya ndizi, mimi na yeye, pale nyuma ya nyumba. Nimemwambia mpira huo hauonyeshi maendeleo.

Alhamisi, 5 Agosti

Nimekwenda kwa rafiki yangu Atumani, mwenye duka kule upande wa Waislamu. Ana gramofoni, ana viti, ana magunia. Nikamweleza michezo yote. Alinisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Akasema babu yake alitembea na misafara kutoka Nyangwe mpaka pwani na kurudi, na katika safari zote hizo aliyeingizwa ndani ya gunia alikuwa mwizi. Lakini amekubali kuniazima vitu vyote, kwa sharti moja: gramofoni ataizungusha yeye mwenyewe. Anasema mtambo wake unaujua mkono wake tu.

Jioni Gaston ameegemea ua, ameniuliza ninatayarisha nini. Sikumwambia neno. Nimejibana kabisa! Baadaye nikamkuta Emile ameketi juu ya ua uleule anamaliza kumweleza habari ya kitambaa.

Jumamosi, 7 Agosti

Mazoezi. Nimewakusanya watoto wa jirani uani nikawafundisha sheria za kitambaa, maana huo ndio mchezo wa kumalizia na sitaki aibu mbele ya Bwana. Sheria kubwa: aliyefungwa macho haambiwi chochote. Hakuna kusema “yuko kulia,” hakuna kusema “angalia.” Atakayefungua mdomo hatapata biskuti. Nimewakaririsha sheria hiyo mpaka wakaiimba. Wazazi waliosimama kando nao wakaishika.

Kisha nikajaribu gunia mwenyewe, kwa mfano. Nilianza vizuri. Nikaangukia sufuria ya sombe ya Marcelline, majani ya muhogo iliyokuwa imekwisha iva na mawese yake. Sombe ilikuwa ya wageni wa jioni ile. Marcelline alikaa kando ya jiko akanitazama nikitoka ndani ya gunia.

Jumapili, 8 Agosti

Habari mbaya baada ya misa. Marcelline amewaita wazazi wake waje kutoka Lusangi, wamwone mjukuu wao siku yake. Baba mkwe, mzee Théophile, hana shida. Alikuwa katekista, anakula polepole na anapenda kofia yake. Shida ni mama mkwe.

Jina lake siliandiki hata humu ndani. Kwetu mkwe wa kike haguswi, hatazamwi usoni, hatajwi jina. Nikikutana naye njiani, yeye anaingia majanini na kujitanda kitambaa, mimi nageuka kutazama miti. Tangu nimwoe Marcelline, mama yule ninamjua kwa sauti na kwa mlio wa bangili zake za shaba tu. Anakuja kumwona binti yake, wanamkalisha nyuma ya mkeka, mimi namsalimu kupitia mkeka, naye anakohoa kwa heshima. Tunapatana sana.

Sasa tume ikiona nimemficha mama mkwe nyuma ya mkeka, itasema mimi bado mtu wa porini. Nikimtoa nje, Lusangi nzima itasema nimepotea. Lakini nimepata dawa! Mkeka utakuwepo, upande wa jikoni, na juu yake nitatundika pazia langu la maua. Bwana ataona pazia. Mama mkwe ataona mkeka.

Jumatano, 11 Agosti

Bwana amekubali kuja! Na Madame wake pia! Aliposema ndiyo nilitaka kumshika mkono, nikakumbuka wino wa ukarani vidoleni mwangu.

Gaston amekuja kwangu mchana kwa mlango wa mbele, amevaa suruali nyeupe. Ana firimbi, amesema, ile anayotumia kupanga wagonjwa mstari. Anataka kunisaidia kama mwamuzi wa michezo. Nimemshuku kidogo. Kisha nikafikiri: mbele ya tume Gaston atakuwa anapuliza firimbi katika sikukuu yangu, ananitumikia, na hajui! Nimekubali haraka kabla hajabadili mawazo. Hata nimempa limonadi.

Alhamisi, 12 Agosti

Atumani ameleta magunia. Yananuka kitu, sijui nini. Nimeyakunja.

Jumamosi, 14 Agosti, jioni

Niandike kwa utaratibu.

Wageni walifika saa tisa. Bwana na Madame wakakaa mbele, chini ya turubai. Watoto wameoga, wamepakwa mafuta, wanang'aa. Baba mkwe akaja na kofia yake. Mama mkwe akapitia nyuma, nikasikia bangili, nikatazama mbingu mpaka zikanyamaza upande wa pazia la maua. Kila kitu mahali pake. Nikavaa tai.

Magunia kwanza. Gaston alikuwa hajapuliza firimbi, watoto wameruka! Waliruka namna sijapata kuona, wanapiga makelele, wamepita mstari, wamepita ua wa Gaston, wanaelekea kisimani penye dimbwi la maji. Bwana alisimama kabisa. Alisema hata kwao Ubelgiji hajaona mbio kama hizo. Nikainama kidogo, kama mtu aliyezoea sifa. Baadaye nilikuja kujua kwamba Atumani alikuwa ametilia pilipili za dukani katika magunia yale, na hakuyakung'uta. Watoto walikaa ndani ya maji ya kisima muda mrefu. Madame akasema ni vizuri wanavyopenda kuoga.

Viti. Hapa sikufikiri vizuri. Atumani akazungusha gramofoni, watoto wakazunguka, gramofoni ikanyamaza. Hakuna aliyekaa! Nikapiga kelele: kaeni! Wakatazama chini. Baba mkwe alikuwa amesimama kando ili aone vizuri, na mtoto gani wa Kasongo atakaa mzee akiwa amesimama? Mmoja akampelekea kiti. Wa pili naye akampelekea. Baba mkwe akawa na viti vyote, akashukuru. Nikamweleza mchezo kwa heshima. Akasema basi na yeye ataingia, ili watoto wawe huru. Ikawa mbaya zaidi. Hakuna mtoto aliyethubutu kumpita mzee njiani. Mstari mzima ukafuata nyuma yake, polepole, kwa sababu ya goti lake bovu, mpaka sahani ya gramofoni ikaisha bado hawajamaliza mzunguko mmoja. Baba mkwe akachoka, akakaa. Wengine wote wakabaki wamesimama, mikono kifuani. Nikatangaza kwamba ameshinda. Akauliza amemshinda nani. Madame akampa biskuti, akaipokea kwa mikono miwili.

Bwana alikuwa anacheka, lakini kwa furaha. Kadi niliiona karibu. Akapiga makofi akasema kwa Kiswahili chake: “Sasa kitambaa! Mwenye nyumba iko ya kwanza!”

Gaston akanifunga. Alinifunga sana. Akanizungusha, akanizungusha tena, mimi nilikuwa nimemwambia anizungushe mara tatu tu, yeye akaendelea. Sasa yaliyotokea hapo sikuyaona. Nimeelezwa. Emile, mtoto yule ninayempenda, alikwenda nyuma ya pazia akamvuta bibi yake mkono, bibi njoo umwone baba. Mama mkwe akachungulia kidogo tu. Madame akamwona. Madame, kwa wema wake, akasimama, akamshika mkono, akamleta ndani ya duara. Nani atamkatalia Madame? Mama mkwe akasimama pale pembeni amejitanda kitambaa, anasali nipite upande mwingine. Baba mkwe alikuwa ameinama anaokota vipande vya biskuti, na Marcelline alikuwa ndani anatafuta bilauri. Mtaa mzima ulikuwa unaona. Na hakuna aliyesema neno! Watoto walikuwa wameziba midomo kwa mikono. Sheria! Mama mmoja alianza kuita, mtoto wake akamziba mdomo. Gaston, mwamuzi, alikuwa ameinua kidole, shiii.

Mimi nikasikia ukimya, nikafikiri wananistaajabia. Nikaenda pale palipokuwa na ukimya mkubwa kuliko pengine. Nikashika bega. Nimempata! Nikapapasa kitambaa, nikapapasa shavu. Nikabana pua, kama Bwana alivyofanya. Shavu lilikuwa laini, pua ilikuwa ya baridi. Sikutambua. Nikashuka mpaka kwenye mkono, nikagusa bangili, zikalia.

Mlio ule naujua! Furaha ilinijaa. Mdomo ulitangulia akili, nikalitaja jina lake, jina zima, na la ubatizo, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni.

Kwa sheria za mchezo nilikuwa nimeshinda.

Mtu mmoja tu alipiga makofi. Alikuwa Bwana. Nikainua kitambaa, na kwa mara ya kwanza tangu nioe nikamwona mama mkwe usoni. Marcelline amefanana naye kabisa, mpaka ule mkunjo wa kati ya macho anapoona nimefanya jambo. Kisha akapiga yowe. Akajifunika, akakimbia, akaangusha mkeka, pazia, na meza ya limonadi, akaingia shamba la ndizi. Baba mkwe akavaa kofia yake. Hakuniaga. Akamfuata polepole na goti lake.

Bwana alifuta machozi ya kicheko. Akasema mchezo huu wa bibi anayekimbia hajapata kuuona, akaomba urudiwe.

Marcelline hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kujibu. Alisema tu, “Umemubana mama yangu pua.” Kisha akafunga nguo zake na za Emile katika kikwembe chake cha kujifunga. Motokaa ya pamba inayokwenda upande wa Lusangi ilikuwa bado haijaondoka, na dereva ni binamu yake.

Jumapili, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Kanisani watu walinipisha kwenye benchi, wote, nikakaa peke yangu. Wanawake wazee wakinipita wanaficha mikono yao.

Gaston alinipa pole nje ya kanisa. Akasema kwao Kabambare, kwa Wabangubangu, nako mkwe haguswi, kwa hiyo ameumia sana kuona. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema mwamuzi hana upande.

Nimesonga ugali mwenyewe. Chini umeungua, juu ni uji. Nimeula. Mpira wa majani ya ndizi Emile ameuacha chini ya kitanda chetu, sijui ni nani alimfungia.

Jumatatu, 16 Agosti

Nyumba ina kimya kibaya. Nilidhani nitafurahia kusoma gazeti mezani bila kuulizwa. Nimelisoma mpaka matangazo ya tairi. Ninamkumbuka Marcelline, basi, nimekwisha sema. Namkumbuka hata anavyofagia miguuni pangu wakati nimekaa, bila kuniomba ninyanyue.

Lakini ofisini nimepata habari: kesho tume inakuja nyumbani kwangu! Bwana amewasifia magunia. Na jambo la kwanza wanaloangalia ni mke. Mke akaribishe, mke amimine kahawa, mke aketi mezani. Nimekwenda mbio kwa Atumani. Nikamwomba aniazime dada yake Mwamvita kwa kahawa moja tu, asiseme kitu, akae upande wa dirisha. Atumani alifunga duka. Nilikuwa bado nimo ndani, akanifungulia nitoke, akafunga tena. Baadaye alimtuma mtu kuchukua gramofoni.

Jumanne, 17 Agosti

Tume ilikuja, Bwana na wengine wawili, padri mmoja na Mzungu mwembamba wa serikali. Nilikuwa nimepiga pasi mapazia. Uma zilikuwa zimepangwa kwa urefu. Kahawa nilimimina mwenyewe, haikumwagika sana. Yule mwembamba akauliza bibi wa nyumba yuko wapi.

Jibu nilikuwa nimelitayarisha! Nikasema, kwa huzuni, mke wangu ni mgonjwa, amelazwa dispansari tangu jana, homa. Wakasikitika. Padri alisikitika zaidi ya wote. Nikaona mambo yanakwenda. Nikaongeza kwamba hata akiwa kitandani anaulizia kama wageni wamepata sukari.

Padri akasema mwanamke wa namna hiyo lazima wakamwone. Wakanyanyuka wote. Nikasema ni mbali. Dispansari inaonekana kutoka dirishani kwangu. Nikasema homa yake inaambukiza. Padri akasema yeye amezoea.

Mlangoni kwa dispansari alikuwa amesimama Gaston, amevaa kanzu nyeupe ya kazi. Wakamuuliza Bibi Marcelline yuko kitanda gani. Gaston akanitazama. Nilimpa ishara zote ambazo uso unaweza kutoa. Akasema, kwa upole mkubwa, kwamba bibi huyo hayupo hapa, na kwa kadiri anavyojua ni mzima kabisa, yuko kwa wazazi wake Lusangi, aliondoka Jumamosi. Kisha akawakaribisha wanywe kahawa kwake, ni hatua chache. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Tayari!

Bwana hakucheka safari hii. Alisema mwongo anaweza kujifunza kula kwa uma, lakini anabaki mwongo. Nikajibu ndiyo Bwana. Sijui kwa nini nilisema ndiyo.

Ijumaa, 20 Agosti

Jina la Gaston ndilo lililopelekwa. Ofisini wote wanajua. Nilikaa kwenye kiti changu nikanoa penseli zote mpaka zikaisha.

Nitaandika kweli, maana hapa hakuna tume. Kadi inaniuma. Nilikuwa nimekwisha chagua ukuta wa kuitundika. Lakini leo mchana nimeunguza ugali tena, na nilipokaa kula nikaweka sahani tatu bila kufikiri. Hapo ndipo nililia kidogo.

Nimenunua mbuzi. Kesho naenda Lusangi.

Jumamosi, 21 Agosti, Lusangi

Nimefika na motokaa ya pamba, mimi na mbuzi nyuma. Kabla hatujafika alikuwa amekula nusu ya tai. Nimeivaa hivyohivyo.

Wazee walinikalisha uani chini, nimewapa mgongo, kama desturi inavyotaka kwa mtu aliyemwaibisha mkwe wake. Nyuma yangu wakatundika mkeka. Nyuma ya mkeka nikasikia bangili. Baba mkwe akasema mengi, akamaliza kwa kusema heshima si utumwa, wazee wakaitikia. Nikamkabidhi mbuzi, na kitambaa kipya cha mama mkwe kujitanda. Wakaniletea maji, nikanawa mikono, ile mikono yenyewe, mbele ya watu wote, mpaka waliporidhika.

Kisha mama mkwe akasema. Hakusema nami, alimwambia Marcelline, Marcelline akanifikishia, ingawa tulikuwa karibu na kila neno nililisikia mara mbili. “Mwambie ule mutu, mikono yake iko baridi kama ya chura.” Ndiyo mama. “Mwambie, pua yangu si ya kuchezea.” Ndiyo mama. Bangili zikalia kidogo. “Mwambie vilevile, tangu mujukuu wangu azaliwe, sijamuona anacheka kama siku ile nilipokuwa nakimbia. Kila siku ananiomba nikimbie tena. Jana nimekimbia kidogo.”

Wazee walikohoa ili wasicheke. Mimi sikukohoa. Nilifuta macho kwa ile nusu ya tai, na nilifurahi kwamba nimewapa mgongo.

Emile alikuja akaniegemea. Marcelline akatoka nyuma ya mkeka akanitazama, na ule mkunjo wa kati ya macho haukuwepo. Amesema atarudi, kwa sharti moja. Hakuna tena kitambaa, hakuna viti, hakuna magunia. Nimeapa. Nimeapa mbele ya baba mkwe, mbele ya wazee, mbele ya mbuzi aliyebaki hai mpaka jioni.

Jumatatu, 23 Agosti, Kasongo

Tumerudi. Nyumba imefagiwa, na miguu yangu pia. Ugali wa leo ulikuwa ugali. Jioni nimecheza na Emile mpira wa majani nyuma ya nyumba mpaka Marcelline akatuita mara ya tatu. Nilikuwa na amani kabisa, sina tamaa ya kitu.

Kisha nikasikia kwamba tume itarudi mwezi wa kumi na mbili.

Nimefikiri kwa utulivu, si kwa pupa kama mwanzo. Nimeangalia kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa mikono! Mchezo wowote wa kumshika mtu haufai kwetu. Lakini wiki iliyopita niliwaona askari kambini wakicheza mchezo mwingine wa Kizungu, safi kabisa: kamba moja nene, watu upande huu, watu upande ule, katikati mstari wa chokaa, kila upande unavuta. Hakuna anayemgusa mtu. Hakuna jina linalotajwa. Wote wana macho wazi. Kitambaa, viti na magunia ndivyo nilivyoapa. Kamba haikutajwa na mtu.

Upande huu nitaweka ndugu zangu wote. Upande ule nitaweka ndugu wa Marcelline wote, na baba mkwe awe wa mbele kwa heshima ya umri wake. Hapo ukoo mzima utaonekana umeshikamana. Mstari nitauchora karibu na kisima, kwa kuwa ndipo palipo sawa.

Marcelline ameniuliza kwa nini natabasamu. Nimemwambia ni furaha ya kuwa pamoja. Kesho asubuhi nakwenda kuomba kamba kwa Gaston.